Picha za Vita vya Katanga: Nani Yumo, na Nani Hayumo?

Iko picha moja iliyopigwa nje ya mji wa Likasi, zamani mji huo ulipokuwa ungali ukiitwa Jadotville, nayo ilienea duniani kote. Siku yenyewe ilikuwa 3 Januari 1963. Katika picha hiyo twamwona Mbelgiji mmoja, damu imemtapakaa usoni, akilia kando ya gari lake dogo. Ndani ya gari hilo wanawake wawili walikuwa wameuawa kwa risasi, na mmoja wao alikuwa mke wake. Waliopiga risasi ni askari Wahindi wa jeshi la Umoja wa Mataifa, waliokuwa wakiingia mjini siku ile ile. Gari lilikuja mbele yao, nao wakalipiga. Waandishi wa magazeti waliofuatana na askari walikuwapo na kamera zao, na baada ya siku chache kilio cha mtu yule kilionekana mezani pa watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakupata hata siku moja kusikia jina la mto Lufira.

Hakuna awezaye kuitazama picha hiyo asihuzunike. Tena picha haikusema uongo: wanawake wale walikufa kweli, na mume yule alilia kweli. Umoja wa Mataifa wenyewe ulionyesha masikitiko yake. Walakini, tangu mwaka 1960 hata mwanzo wa mwaka 1963, watu wengi mno walikufa katika nchi ya Katanga, waume kwa wake, wazee kwa watoto, na walio wengi kati yao walikuwa Waafrika. Je, picha zao ziko wapi? Nani aliwalilia mbele ya kamera?

Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi. Picha ni shahidi, wala hatutaki kumdharau shahidi huyo. Lakini shahidi, hata akiwa mkweli kabisa, husema yale tu aliyoyaona kutoka mahali aliposimama. Mwenye busara humsikiliza, kisha humwuliza: Ulisimama wapi? Nani alikupeleka? Na nyuma yako palikuwa na nini?

JICHO LENYE PAZIA

Wahenga walisema macho hayana pazia. Maneno hayo ni kweli kwa jicho la mwanadamu, lakini jicho la kamera linalo pazia, tena pazia la hakika. Ndani ya kamera za waandishi wa siku zile kulikuwa na kitambaa au bati jembamba lililofunika filamu. Mpiga picha alipobonyeza kitufe, pazia lilifunguka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mwanga ukaingia, kisha likafungwa. Yaliyotokea kabla ya kufunguka hayakuingia, na yaliyotokea baadaye hayakuingia. Hata yale yaliyokuwa upande wa kulia au wa kushoto, hatua mbili tu nje ya kioo, hayakuingia.

Basi na kazi haikwishia hapo. Filamu ilipaswa kusafiri. Katika vita vya Katanga waandishi wengi wa kigeni walivuka mpaka na kuingia Rodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, wapate kupeleka habari zao kutoka miji kama Ndola. Kutoka huko mhariri wa mbali, aliyekaa London au Brussels au New York, alichagua picha moja, akaziacha nyingine zote. Chini ya picha hiyo akaandika maneno mawili matatu. Kwa hiyo picha tuionayo gazetini imekwisha kuchaguliwa mara nyingi: kwanza na aliyeipiga, pili na aliyeipeleka, tatu na aliyeichapa.

MJI WA SHABA NA VITA VYAKE

Vijana wetu wengi hawakuziona siku zile, kwa hiyo yafaa tukumbushe kwa ufupi mambo yalivyokuwa.

Kongo ilipata uhuru siku ya 30 Juni 1960. Hazikupita wiki mbili, naye Moïse Tshombe akatangaza, tarehe 11 Julai, ya kuwa Katanga imejitenga na kuwa nchi ya peke yake. Katanga ilikuwa na shaba, kobalti na madini mengine mengi, na kampuni ya Union Minière ilikuwa na mashimo na viwanda vyake huko, pamoja na vile vya Jadotville. Mji huo ulikuwa umepewa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudishwa rasmi mwaka 1966. Nchi mpya ya Tshombe ilikuwa na bendera yake yenye misalaba mitatu ya shaba, ikawa na fedha yake na stempu zake. Ilikuwa pia na askari wake, waliojulikana kwa jina la jandarma, wakiongozwa na Wabelgiji na askari wengine wa kukodiwa kutoka ng'ambo.

Si watu wote wa Katanga waliokubali. Upande wa kaskazini Wabaluba wa chama cha Balubakat, kilichoongozwa na Jason Sendwe, walikataa kutawaliwa na Tshombe, na vita vikali vikazuka. Umoja wa Mataifa, ambao watu wa Kongo waliuita ONU, ulileta majeshi kutoka nchi nyingi: Ireland, Uswidi, India, Ethiopia na nyinginezo. Vita hivyo vilikuwa vya nchi ya mpakani. Ng'ambo ya mpaka walikuwapo Waingereza wa Rodesia. Huku walikuwapo Wabelgiji wa migodi. Na katikati walikuwapo wenyeji, ambao walipaswa kwenda kazini, kupika, na kuwapeleka watoto shule, ilhali bunduki zikilia.

MAZISHI YENYE PICHA, NA MAZISHI YASIYO NAYO

Tarehe 8 Novemba 1960, mahali paitwapo Niemba, kaskazini ya Katanga, askari kumi na mmoja wa Ireland walishambuliwa na wapiganaji wa Kibaluba wenye mishale na mikuki. Tisa kati yao walikufa. Maiti za wengi wao zilirudishwa kwao, na siku ya mazishi barabara za Dublin zilijaa watu kwa maelfu. Picha za siku hiyo zingalipo: majeneza juu ya magari ya jeshi, bendera, watu waliosimama kimya kandokando ya njia. Twazitazama kwa heshima, maana vijana wale walikuja kwa ajili ya amani, wakafa mbali na mama zao.

Lakini siku ile Wabaluba pia walikufa. Tena katika miezi ile ile vijiji vya Wabaluba viliteketezwa na jandarma. Waliokufa huko walizikwa na jamaa zao, wengine upesi upesi, wengine pasipo kaburi la kujulikana. Hapakuwa na kamera. Wale wapiganaji wa Niemba, kwa kuwa walijulikana ulimwenguni kwa mauaji yale tu, walibaki katika mawazo ya watu wa mbali kama watu wa porini wasio na sababu. Hakuna picha iliyoonyesha kijiji kilichochomwa moto kabla yake. Hatusemi hivyo ili kuhalalisha mauaji. Damu ni damu. Twasema tu ya kuwa mtu aliyeona picha ya jeneza peke yake aliona nusu ya huzuni.

Tuchukue mfano wa pili. Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alikamatwa mwanzo wa Desemba 1960 na kurudishwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Kamera zilikuwapo. Dunia nzima ikamwona amefungwa mikono, juu ya gari la askari, akisukumwa na kudhihakiwa. Siku ya 17 Januari 1961 alipelekwa kwa ndege Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku ule ule wote watatu wakauawa. Kifo hicho hakikuonyeshwa kwa picha, na hata maiti ziliharibiwa zisipate kuonekana. Habari yenyewe ilitangazwa mwezi wa Februari tu. Kilichobaki cha mwili wa Lumumba ni jino moja, nalo Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa yake mwezi wa Juni 2022, baada ya miaka sitini na zaidi. Wanaotenda jambo kwa siri huiogopa kamera. Kwa hiyo mahali pasipo na picha pasidhaniwe kuwa hapakutendeka neno. Pengine hapo ndipo lilipotendeka kubwa zaidi.

WALIPOKUWA KATIKA MISA

Sasa turudi Likasi yenyewe. Mwezi wa Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulipeleka Jadotville kombania moja ya askari wa Ireland, watu kama 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan. Walitumwa kuwalinda Wazungu wa mji, lakini walipofika walikuta wengi wa Wazungu hao hawawataki. Asubuhi ya 13 Septemba, wengi wa askari hao walipokuwa wakisikiliza Misa nje, jandarma na askari wa kukodiwa wakawashambulia. Mlinzi mmoja akafyatua risasi ya kuwaonya wenzake, nao wakakimbilia mahandaki waliyokuwa wameyachimba.

Walipigana siku tano. Ndege ya Katanga iliwarushia risasi na mabomu kutoka juu. Jeshi la kuwaokoa lilishindwa kulivuka daraja la Lufira. Helikopta moja ilifaulu kuwafikia na maji, lakini maji yale yalitiwa katika madebe yaliyokuwa na mafuta, hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba, walipokwisha kukosa maji, chakula na risasi, walisalimu amri. Watano walijeruhiwa; hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Upande wa pili walikufa watu wengi. Waairishi wale walikaa kifungoni mpaka mwisho wa Oktoba, wakaachiliwa.

Mtu angedhani walipokelewa kwao kama mashujaa. Sivyo. Walionekana ni watu waliosalimu amri, na kwa miaka mingi walivumilia masimango, hata wenzao jeshini wakawatania kwa jina la mji huu. Wengine walifariki bila ya kusikia neno la shukrani. Mwaka 2005 tu serikali yao ilianza kuwaheshimu kwa kuweka ubao wa kumbukumbu katika kambi ya Athlone, na mwaka 2017 waliokuwa hai, pamoja na jamaa za waliokufa, wakapewa nishani yenye jina la Jadotville. Picha za kombania ile, vijana wenye kofia na kaptula, wakitabasamu juani, zilikuwapo muda huo wote. Zilikuwa zile zile. Waliobadilika ni watazamaji. Walioziona mwaka 1962 waliona walioshindwa. Wanaoziona leo wanaona waliolindana hata asife hata mmoja. Basi twajifunza ya kuwa picha haijielezi yenyewe: maana yake hutegemea sana moyo na maarifa ya anayeitazama.

Katika usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, wakati Waairishi wale wamekwisha kutekwa, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa njiani kwenda kuonana na Tshombe ili kusimamisha vita. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. Baada ya zaidi ya miaka hamsini Umoja wa Mataifa ulimpa Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyekuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo, kazi ya kuichunguza upya habari hiyo na kuziomba serikali zifungue makabati yao. Ndiyo kusema, karatasi na picha za vita vile hazijamaliza kusema.

KAMBI YA WAKIMBIZI

Siku zile zile za mwaka 1961, watu waliotoka Kasai na Wabaluba wengine waliokuwa wakikaa katika miji ya Katanga walianza kuogopa kukamatwa na kuuawa. Wakaziacha nyumba zao, wakakimbilia penye askari wa ONU huko Elisabethville. Katika majuma machache walikusanyika zaidi ya watu 30,000, na baadaye wakazidi kuongezeka. Walijenga vibanda vya maturubai, vya matawi, vya makaratasi na mabati makuukuu. Njaa na magonjwa yalikuwamo. Hofu nayo ilikuwamo, na hata ndani ya kambi yalitendeka mabaya, maana mateso hayamfanyi kila mtu kuwa mtakatifu.

Kambi hiyo ilipigwa picha. Wapiga picha wa Umoja wa Mataifa walionyesha safu za vibanda, wanawake wakipanga foleni ya chakula, watoto wakitazama kamera. Ni picha za maana sana, na pasipo hizo dunia ingalisahau mara moja. Lakini zitazameni kwa makini, wasomaji. Askari aliyesimama katika picha aghalabu ana jina lake na cheo chake, kwa maana jeshi lake liliyaandika. Mama aliyebeba mtoto hana jina. Chini ya picha yameandikwa maneno “wakimbizi Wabaluba”, basi. Mama yule alikuwa na jina. Labda alikuwa na cherehani aliyoiacha nyumbani, na mume aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi. Labda mtoto yule yu hai hata leo, ni babu, wala hajui ya kuwa uso wake umehifadhiwa katika kabati fulani huko New York.

KAMERA KAMA SILAHA

Kila upande ulijua nguvu ya picha. Serikali ya Tshombe ilikuwa na ofisi ya habari mjini New York, kazi yake kuwaeleza Waamerika ya kuwa Katanga ni nchi ya amani inayoonewa. Umoja wa Mataifa nao ulieneza picha za askari wake wakigawa chakula na kuwatunza wagonjwa. Wale walioyaonyesha mambo hayo hawakuwa lazima waongo. Walichagua tu.

Picha ile ya Jadotville ya mwaka 1963, tuliyoitaja kwanza, ilitumiwa hivyo hivyo. Waliochukia kazi ya ONU waliishika kama ushahidi ya kuwa jeshi la amani ni jeshi la wauaji. Lakini tuyaweke mambo mahali pake. Mapigano ya mwisho yalianza mwishoni mwa Desemba 1962. Madaraja ya Lufira yalikuwa yamebomolewa, na Wahindi waliokuwa chini ya Brigadia Reginald Noronha walivuka mto na kusonga mbele mpaka Jadotville, wakitazamia kushambuliwa wakati wo wote. Hao nao walikuwa wamekwisha kuzika wenzao katika nchi ya Katanga. Kapteni Gurbachan Singh Salaria, kwa mfano, aliuawa Elisabethville tarehe 5 Desemba 1961, na nchi yake ikamtukuza kwa nishani kuu kuliko zote za ushujaa. Askari mwenye hofu, kidole kikiwa juu ya bunduki, aliona gari likija. Kwa dakika moja wanawake wawili wasio na silaha wakafa.

Je, habari hizi zafuta kosa? Hasha. Hazifuti hata tone la damu ile. Lakini zatuzuia tusiigeuze huzuni ya mtu mmoja kuwa rungu la kuwapigia wengine. Marehemu wale hawakufa ili kuwa bango la chama fulani. Majuma mawili hayakupita, na katikati ya mwezi ule ule wa Januari Tshombe akatangaza ya kuwa kujitenga kwa Katanga kumekwisha.

MCHORAJI ALIYEFIKA KAMERA ISIPOFIKA

Katika Kiswahili cha Katanga neno “picha” ni pana: ni ile iliyopigwa kwa kamera, na pia ile iliyochorwa kwa rangi. Upana huo una faida yake. Maana yale ambayo kamera za wageni hazikuyaona, wenyeji waliyachora.

Mchoraji mmoja aliyejulikana sana ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na kufanya kazi yake katika miji ya Katanga. Hakusoma chuo cha uchoraji. Alichora juu ya turubai la magunia ya unga, akawauzia watu wa kawaida, nao wakatundika picha hizo sebuleni mwao. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, picha zipatazo mia moja za historia ya nchi yake tangu zamani za kale, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili. Humo mna vita vya Katanga. Mna askari, ndege, wakimbizi na viongozi. Mna na kifo cha Lumumba, kile kisichopigwa picha na mtu. Tshibumba alimchora amelala chini pamoja na wenzake wawili, na kwa mbali akaweka misalaba mitatu. Kila Mkristo aijua mara moja Golgotha ile.

Mtu aweza kusema: Huo si ushahidi, ni mawazo ya mchoraji. Kweli, Tshibumba hakuwapo usiku ule. Lakini picha yake yashuhudia jambo jingine la hakika, yaani jinsi watu wa Katanga walivyoibeba huzuni ile mioyoni, na maana waliyoipa. Kamera haingaliweza kulionyesha jambo hilo.

Baada yake wamekuja wengine. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alipiga picha za majengo ya Likasi mwaka 2005. Mwaka uliofuata alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, watu waliopigwa zamani kwa amri ya mabwana, akaziunganisha na picha zake mwenyewe za viwanda vilivyobaki magofu. Babu anaonekana amesimama mbele ya kiwanda kile kile, lakini sasa kiwanda ni kutu tupu. Tangu mwaka 2008 yeye na wenzake wameandaa Lubumbashi maonyesho makubwa ya sanaa, na chama chao wakakiita kwa Kiswahili, Picha.

PICHA ZILIZOMO NYUMBANI MWETU

Yote haya yatuhusu nini, sisi wenye familia? Yatuhusu sana. Maana historia ya Likasi haikukaa tu katika makabati ya Dublin, Brussels na New York. Sehemu yake imo katika masanduku ya mabati chini ya vitanda vyetu. Humo mna picha ya arusi ya mwaka 1958, iliyopigwa studio mbele ya pazia lililochorwa maua. Mna picha ya baba na kofia ya kiwanda, ya mama na watoto siku ya Komunyo ya kwanza, ya mjomba aliyevaa nguo za askari ambaye jina lake halitamkwi nyumbani. Nyumba nyingi zilizikosa picha zao wakati wa kukimbia, wengine mwaka 1961, wengine miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa na kukaa maelfu kwa maelfu penye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Mtu akimbiaye huchukua sufuria na blanketi, albamu hubaki. Na wengine walizichoma wenyewe, wasije wakajulikana walikuwa upande gani.

Kwa hiyo zile zilizosalia ni tunu. Twawashauri mambo machache yaliyo rahisi.

Kwanza, geuzeni picha na kuandika nyuma yake, kwa penseli laini, pasipo kukandamiza: majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na jina la mpiga picha kama lajulikana. Kalamu ya wino hupenya karatasi na kuiharibu. Kama mwaka haujulikani, andikeni jambo la karibu: “kabla ya kuzaliwa Maria”, au “baba alipokuwa angali Kambove”.

Pili, waulizeni wazee mapema. Mzee akifariki, nyuso ishirini hupoteza majina siku moja. Mwulizeni si tu “Huyu ni nani?” bali pia “Nani hayumo, naye alipaswa kuwamo? Kwa nini hayumo?” Mara nyingi swali hilo la pili ndilo litakalofungua hadithi. Na mzee akinyamaza, msimshurutishe; ngojeni siku nyingine. Yako mambo ya miaka ile ambayo watu wa mtaa mmoja walitendeana, nao wakaishi pamoja baadaye wakikopeshana chumvi.

Tatu, zihifadhini mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Zikitolewa nakala kwa simu, vema. Lakini msitupe ile ya asili, kwani simu huibwa na huharibika.

Nne, na hili twawaambia hasa wanafunzi: siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni, na picha za vita humfikia kila saa. Kabla ya kuituma picha ya maiti au ya mtu anayelia, jiulize maswali yale yale: Ilipigwa wapi? Lini? Na nani? Nani anataka niione, nami nimchukie nani? Usipopata jibu, iache. Na mtu yule anayelia, je, ungependa picha hiyo ingekuwa ya mama yako?

Mbelgiji yule wa mwaka 1963 na mama yule wa kambi ya Elisabethville hawakukutana kamwe. Mmoja alipigwa picha na ulimwengu ukaijua huzuni yake. Mwingine alipigwa picha na jina lake likapotea. Na wako maelfu wasiopigwa kabisa. Mbele ya Mungu wote wana majina. Yafaa nasi tuandike yale tuyajuayo, wakati penseli ingalipo na wazee wangali wakikumbuka.